Hapana ya Kwanza

"Nasema hivi, Mama: ukimkubalia leo, leo hii, bila hata kumrudisha mara moja, mimi uso wangu niuweke wapi?"

"Uweke papo hapo kwenye ungo, Shangazi, umalizie kuchambua mchele," alijibu Golnari. "Kwani posa ni yako?"

"Golnari!" nikamkemea. "Shangazi yako huyo."

"Samahani, Shangazi. Lakini posa si yako."

Parvini, binti yangu, aliuweka ungo chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Nikajua amekasirika kweli. Akikasirika kidogo hupiga kelele. Akikasirika sana hupanga vitu.

Nje kulikuwa na ile mvua yetu ya Lushoto, isiyonyesha wala isiyokatika. Tulikuwa jikoni wanawake watatu, maana nyumba hii wanaume wake hufa mapema au huenda Maskati, na posa zote huniangukia mimi. Alasiri ile tulikuwa tunamngoja mshenga. Golnari, mtoto wa marehemu mwanangu, anatakwa na Rajabu, yule kijana muuza mitumba wa pale sokoni. Na mshenga mwenyewe, Mungu naye ana utani wake, ni baba yake mdogo Rajabu: Selemani mwenye lori. Katika Usambara nzima hakukosekana mzee mwingine mwenye kanzu safi, lakini wamemtuma Selemani.

Ngoja nieleze, nisije nikaonekana nasengenya watu bila sababu.

Mama yangu, Bibi Mahtabu, alizaliwa Busheri, Uajemi. Alikuja huku bi harusi, baba alipopata kazi ya kuoka mikate ya mashamba ya mkonge kule Mazinde. Joto la Mazinde likawashinda, wakapanda mlima kwa miguu, baba kabeba tanuri mgongoni pamoja na moto wake. Walipofika Soni mkate ulikuwa umeiva, wakala, wakaendelea. Anayebisha akaulize Soni.

Mama hakuja na mali. Alikuja na adabu, shehena nzima. Kwao wanaita taarofu. Ukipewa kitu unakataa, si kwa kuwa hukitaki, bali kwa kuwa umelelewa. Anayekupa anajua, anakubembeleza. Unakataa tena. Anakubembeleza tena, na hapo ndipo unapokea, tena kwa aibu. Hata dukani ni hivyo hivyo. Mteja akiuliza sukari bei gani, mama alijibu, "Si kitu, mgeni wangu, chukua tu." Mteja naye alitakiwa akatae. Wasambaa wale wa zamani hawakukataa. Walisema, "Ahsante sana, mama, Mungu akuzidishie," wakaenda na sukari yao, na kesho yake wakaja na binamu zao. Watu husema duka letu liliuawa na Azimio, lile la ujamaa. Waongo. Azimio lilikuta rafu tupu. Duka lile liliuawa na adabu.

Hata Izraili alipomjia mama, walikutana mlangoni. Mama akamwambia, "Tangulia wewe." Malaika, naye kalelewa, akasema, "Hata, Bibi, tangulia wewe." Wakavutana pale tangu mahindi yanapandwa hadi yanavunwa.

"Mwaka jana ulisema ni wiki moja," Golnari hupenda kunikatiza hapo.

"Mwaka jana nilikuwa na haraka."

Sasa Selemani. Zamani alikuwa utingo, kisha akawa dereva wa watu. Rukhsa ya biashara ilipokuja, maduka yakajaa sabuni za kila rangi, yeye akapata lori lake mwenyewe, kuukuu, limetoka Dubai na mchanga wa huko ungalimo chini ya viti. Akawa anapeleka kabichi na karoti Kariakoo. Kila aliporudi alipita hapa kununua mkate. Mikate aliyonunua yule mtu, mbuzi wa mama yake walinenepa mpaka wakashindwa kupita mlangoni.

Siku moja hakuomba mkate. Alisimama kwenye kizingiti, kofia mkononi, mimi nimekaa pale kwenye kigoda nikimenya viazi. Akasema, "Parvini, nahamia Dar. Sitaki kwenda peke yangu. Nikituma wazee, utakubali?"

Parvini akainamisha macho kama alivyolelewa, akasema, "Hapana, ahsante."

Niliuona uso wa kijana wa watu. Kwa Msambaa, hapana ni mlango uliotiwa komeo kwa ndani, na mtu mwenye heshima zake hausukumi. Akasema, "Haya." Akaniamkia tena, shikamoo ya kuagia, akashuka ngazi.

Kesho yake Parvini alivaa gauni lake la kijani, akasuuza vikombe vizuri. Keshokutwa pia. Nami nikimwambia atarudi tu, mwanangu, hiyo ni ya kwanza, bado ya pili. Birika likachemka mpaka likakauka. Baadaye tukasikia Selemani kaoa Magoma, na kwamba bibi harusi alisema ndiyo kabla hajaulizwa swali lote.

Katikati ya siku zile za kungoja nilimwambia mwanangu, niende kwa mama yake nikamweleze ada yetu? Akasema hapana. Nikamwuliza tena, hapana. Mara ya tatu aliinua macho akanitazama ndipo akasema hapana, na hiyo nikaijua kuwa ni hapana ya kweli. Binti wa Mahtabu hapeleki ujumbe kuomba kuombwa.

Selemani alirudi kuishi Lushoto na mke na watoto na kitambi. Lori lake hupita kona ya hapo chini kila siku ya gulio. Kona ile madereva wote hupiga honi. Honi ya lori lile peke yake ndiyo humkumbusha Parvini kuni zilizo nyuma ya nyumba.

Basi ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo tulivyokuwa tumekaa alasiri ile.

"Mimi nimeshamwambia Rajabu nitakubali," alisema Golnari. "Bibi akisema hapana, baba yake mdogo ataondoka na hapana yake. Si tunamjua? Yule haulizi mara mbili."

Golnari mwenyewe akauma mdomo.

"Sema tu," Parvini akamwambia. "Sema nilikuwa mjinga."

"Sikusema hivyo, Shangazi."

"Bibi Mahtabu alikataa kwanza. Mama yangu huyu akakataa kwanza. Nikakataa mimi. Wewe ukikubali mara moja, na nyumba isianguke, na watu wasikucheke, na ukaolewa ukazaa, basi mimi nilikatalia nini?"

Mimi nina hadithi ya kila jambo. Ya chui wa Magamba aliyekaribishwa chai na mama ninayo, ya punda aliyekataa mtama ninayo. Hapo nilitafuta sikupata hata ya uongo. Nikasema tu, "Baba yako aliniuliza mara nne. Alipoteza hesabu."

"Baba alikuwa Mwajemi, Mama. Aliujua mchezo." Alichukua vikombe akavipanga, vishikio vyote kuelekea upande mmoja. "Mlinifundisha kukataa. Yule nani alimfundisha kuuliza tena?"

Nikataka kusema lawama wapewe watu wa Busheri. Nikasukuma kuni ndani badala yake.

Golnari aliondoka kwenye kinu alichokuwa amekikalia, akaja akachutama mbele ya shangazi yake. Mtoto huyu ana mdomo, lakini moyo wake si wa mawe.

"Shangazi, ulitaka kwenda naye?"

"Hapana."

Miaka yote ile, sokoni, kisimani, misibani, watu walisema mengi juu ya Parvini na Selemani. Kumwuliza, hakuna aliyemwuliza.

"Ulitaka kwenda, Shangazi?"

"Hapana, mama. Toka hapo, moshi unakuingia machoni."

Golnari hakutoka. Aliushika mkono wa shangazi yake wenye unga wa mchele, akaukamata barabara.

"Ulitaka?"

Parvini akatazama moto.

"Nguo," alisema, "nguo zangu nilikuwa nimeshazitia sandu—"

"Hodi wenyewe!"

Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya moshi. Selemani alikuwa ameshaingia, viatu kaviacha nje, kofia mkononi, maji yanamchuruzika mabegani. Akanitazama mimi, akamtazama Golnari aliyechutama, akamtazama Parvini.

"Shikamoo, Mama," akasema.

Marahaba nikaisahau; Golnari bado kaushika mkono wa shangazi yake.