Wimbo wa Kinu Uliotoka Uani

Ninyi vijana mtakaosoma hapa, msikimbilie kupiga makofi. Mtu akisimama mbele ya watu na maneno matamu ya ukombozi, muulizeni kwanza ni nani atakayepika siku hiyo. Mimi nikisikia neno hilo naficha unga. Nilijifunza hivyo kwetu Kongo, na Durban sijaona sababu ya kuacha.

Kwetu mwanamke hajibizani na wakubwa wa ukoo. Akiwa na neno, analiweka kwenye wimbo akitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Mchi unapiga, yeye anasema, na hakuna mwanaume wa kumgusa kwa maneno ya kinu. Lakini iko sheria. Wimbo unabaki uani. Ukiimbwa nje, umekuwa mashtaka: anayesemwa lazima aje akae chini sakafuni, bila kiti, ajibu mbele ya wanawake. Na mwimbaji akiomba radhi kabla hajajibiwa, wimbo umekufa. Hautaimbwa tena na mtu.

Wimbo wangu ulimhusu shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu. Wakati wa vita yeye ndiye aliyetufundisha wanawake nyimbo za ukombozi, akatuita mama wa nchi. Tulibeba risasi chini ya majani ya sombe, tukapita nazo mbele ya askari. Vita ilipoisha wanaume wakagawana vyeo. Tukaenda kuuliza sehemu yetu. Shemeji akatokea mlangoni, akasema, "Mama zetu, kikao kimeanza. Mtuletee chai." Nikarudi nyumbani, nikatwanga.

*Mlituita mama, tukabeba moto chini ya majani.*
*Moto umewaka, mnaota ninyi.*
*Mama yuko nje, anatafuta kuni.*

Nimeuimba miaka yote hiyo, mpaka hapa Durban, nyuma ya fleti zetu za Umbilo, Jumamosi asubuhi nikitayarisha sombe ya kuuza soko la Warwick. Mjukuu wangu wa kike alikuwa anakaa karibu nami, simu yake mkononi. Nilidhani anaongea na wenzake. Kumbe ananirekodi.

Mwaka huu akaanza kupotea kila Jumapili alasiri. Nikapekua mkoba wake. Nikakuta daftari na karatasi za Kiingereza, hakuna jina la mwanaume. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

"Ni kanisa jipya?" nikamuuliza.

"Hapana, Koko," akasema; ndivyo kwetu tunavyomwita bibi. "Tunasoma mashairi ya wanawake weusi. Wa hapa, wa Amerika, wa kila mahali. Bila mashairi yale, maandamano mengine yasingetoka mlangoni."

"Na mchungaji wenu ni nani?"

"Eish, Koko! Hatuna mchungaji."

"Basi sadaka anakula nani?"

Akacheka mpaka akakaa. Mimi sikucheka. Jumapili iliyofuata nikamfuata mpaka ukumbini, nikakaa karibu na mlango, mkoba mapajani.

Walisoma wengi. Mengine sikuyaelewa, mengine niliyaelewa kuliko nilivyotaka. Kisha mjukuu wangu akasimama. Akapiga meza kwa kiganja, tu, tu, tu, kama mchi. Akaimba wimbo wangu. Kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza. Watu wakainua simu zao.

Mtoto hakujua sheria. Nilimpa wimbo bila kumpa sheria yake, na kosa hilo ni langu.

Kando yangu alikaa bibi mmoja Mzulu, mkubwa kuliko mimi. Aliona uso wangu. Nikamuuliza kwa Kizulu changu cha sokoni, "Mnamtaka mtoto wangu wa nini?"

"Zamani za ubaguzi mikutano ilikatazwa," akasema. "Yakabaki mazishi. Mimi nilisimama kaburini na shairi, polisi wakadhani ninalia tu. Watu walitoka pale wakijua siku na saa ya mgomo."

"Na uhuru ulipokuja?"

"Wananiita nifungue mkutano kwa shairi. Nikimaliza, wananionyesha kiti cha nyuma." Akanitazama. "Wewe unaujua wimbo huu, dada. Midomo yako ilikuwa inatembea."

Nikaukumbatia mkoba wangu. Mtu anayeona midomo yako kabla hujasema, umchunge.

Video ilimfikia shemeji kabla ya Alhamisi. Naye aliishia Durban kama sisi, ndiye mwenyekiti wa Wakongo wa hapa, na barua ya kumsaidia mjukuu wangu kupata ufadhili wa chuo iko mezani kwake, inangoja sahihi. Alikuja na suti. Akakaa kwenye kiti kirefu kuliko vyote.

"Shemeji, mtoto amekosea," akasema kwa upole. Upole wake naujua. "Aombe radhi kidogo tu, afute ile video. Mimi sina kinyongo. Kesho naweka sahihi."

"Jina lako limetajwa mle?"

"Hapana."

"Sasa umejuaje kama ni wewe?"

Akakohoa. "Tusirudishe mambo ya vita. Tulikomboa nchi."

"Mlikomboa. Chai mlikunywa?"

Akasimama, akasema tutafikiri vizuri tukipoa. Mlangoni akamwambia mjukuu wangu, "Binti, elimu ni ufunguo," akaenda zake.

Mtoto alikuwa analia. Nikamweleza sheria ya kinu yote, kama nilivyopaswa kufanya mwanzo.

"Nikiomba radhi, wimbo wako unakufa?"

"Unakufa."

"Na nisipoomba, barua?"

"Hataisaini. Tutaitafuta kwingine, na labda tutaikosa. Sikudanganyi. Anayesoma ni wewe, useme wewe."

Akajifuta uso kwa kanga yangu. "Siombi radhi, Koko. Na mimi nataka kusikia atajibu nini."

Wale wanawake wa ukumbini bado siwaamini. Nitaendelea kukaa mlangoni nione nani anaosha vikombe. Lakini neno la mtoto nilikuwa nimelisikia, nikawaita wanangu wote sebuleni walipotoka kazini, wakiwa bado na viatu.

"Hakuna mtu wa nyumba hii kuomba radhi," nikawaambia. "Video msiifute. Shemeji akipiga simu, mwambieni tunamngoja Jumapili baada ya ibada, na viti vya sebuleni vyote mvitoe. Aje na mke wake, na binti zake wote."