Mistari Minne ya Marehemu

Jumatatu, mwezi kumi na moja Mfungo Saba kwa hesabu ya Kiislamu, baada ya sala ya alasiri, nilifiwa na mume wangu. Alikuwa fundi wa kompyuta, na kijiduka chake kilikuwa mtaa wa Malindi, chumba cha chini chenye mlango mmoja, nyuma ya njia ya kwendea bandarini. Hatukujaaliwa mtoto. Nyumbani kwetu Michenzani alibakisha nguo zake, miwani miwili, mashine yake ya kazi, na kompyuta kumi za chuo cha Qur'ani cha Mtoni ambazo alikuwa hajazimaliza.

Mimi nimesoma mpaka kidato cha pili. Nasema mapema ili mtu asidhani nilikuwa mjuzi. Nilichokijua nilikipata kwa kukaa karibu naye. Sukari ilikuwa imeshamla macho, na miaka ya mwisho hata akivaa miwani miwili kwa pamoja, mmoja juu ya mwengine, maandishi madogo hakuyaona. Basi jioni alirudi na kazi nyumbani, akakaa kwenye mkeka, nami nikamsomea kilichoandikwa kwenye kioo, herufi moja moja, hata nisipojua maana yake. Mabano. Nukta. Kistari cha chini. Akikosa subira husema, "Soma kama unasoma barua ya mkweo, polepole!" Nami humjibu, "Mkwe wangu hakuandika mabano hata siku moja." Tukicheka, kazi husimama. Skrubu alizitia ndani ya kikombe cha kahawa, na mara mbili nilimimina kahawa juu yazo.

Kompyuta zile za Mtoni zilikuwa za kukunja, kuukuu, zimekuja kama sadaka kutoka nje. Alizitilia mfumo endeshi huria, yaani ile programu mama inayoiamsha mashine, lakini ya aina isiyouzwa, ambayo undani wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Zilikwenda vizuri, ila kasoro moja: ukifunika kifuniko kisha ukakifunua, kibodi haipokei kitu. Unabonyeza, kimya. Mpaka uzime mashine uanze upya, na ulichokuwa umeandika kimepotea.

Dawa aliipata yeye. Ndani ya mfumo mna orodha ya mashine zenye kuhitaji kuamshwa kwa namna ya peke yake, na aina hii haikuwamo. Akaongeza jina lake, mistari minne tu, na kibodi zikaamka. Lakini kila mfumo ulipojisasisha, orodha mpya ilikuja kutoka kwa wenyewe, watunzaji wa mfumo, bila ya mistari yake, na maalim wa chuo akawa mlangoni tena.

"Si uwatumie wenyewe waitie huko huko?" nilimwambia.

"Ntatuma. Wacha kwanza nikinyooshe Kiingereza changu."

Alikinyoosha kwa miaka miwili. Hakutuma.

Nilipoingia eda, wifi yangu, dada yake mkubwa, alihamia kwangu. Miezi minne na siku kumi sitoki, sijipambi, sizungumzi na mwanamme wa kando ila kwa dharura, na kwa nyuma ya pazia. Mwezi wa pili maalim akabisha hodi. Wifi akasimama mlangoni, mimi nikisikiliza chumbani.

"Bibi, msinione sina haya. Wanafunzi wamekaa bure. Tupeni mashine zetu hata hivyo zilivyo."

"Ukizichukua, na kibodi zikigoma tena?"

"Ndiyo hapo. Fundi tulikuwa naye mmoja tu."

Neno lile lilinikaa kifuani. Nilijua kuwa mistari ile isipoingia kwenye orodha yenyewe, sasisho moja tu litaifuta, na safari hii hakuna wa kuirudisha. Kazi yake itakuwa kama haikuwahi kufanywa. Nikamwambia wifi amwombe maalim atusubiri.

Nikaifungua mashine ya mume wangu. Mistari ilikuwamo, na maelekezo ya namna ya kuituma alikuwa ameyaweka pamoja nayo. Nilisoma na kamusi, na palipokuwa pazito nikaitumia simu kunifasiria. Siku nne. Kumbe kazi hupelekwa kwa barua pepe, kwa kundi zima la watunzaji wa sehemu ile, na kila mtu anaisoma.

Wifi akanitazama. "Unaandikiana na wanaume, nawe umo edani?"

"Naandikia kundi. Wote wanaona."

"Aa, basi baraza hiyo," akasema, akarudi kwenye ufumaji wake. Baada ya kitambo akauliza, "Na wanawake wamo?"

"Wamo."

"Haya. Wasalimie."

Nikawasalimia. Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu huingii kwa mtu ukaanza na haja yako. Nikaandika salamu, nikauliza hali zao na za jamaa zao, nikawaeleza kuwa sisi hatujambo ila tumo msibani, kwamba mwenye kazi hii amefariki na alikuwa mtu mpole, kwamba wifi anawasalimia, na kwamba mashine ni za chuo na watoto wanasubiri. Kisha ndiyo mistari minne. Na mahali pa saini nikaweka jina la mume wangu, kwa sababu kazi ni yake.

Siku ya pili ikaja barua. Mtunzaji mmoja, sijui yuko nchi gani, aliandika maneno machache. Akanipa pole. Akasema marekebisho yenyewe yanaonekana sawa. Lakini kila kilichoandikwa juu ya vile vistari vitatu vinavyotenga maelezo na kazi huingia katika historia ya mfumo na hakitoki tena. Salamu ziwekwe chini ya vistari. Na la mwisho: saini ni ahadi ya mtu mwenyewe kwamba ana haki ya kuitoa kazi ile. Aliyefariki hawezi kusaini. Nani anaileta?

Nilipomfasiria wifi alicheka mpaka akaweka uzi chini. "Salamu zangu zilitaka kubaki milele! Wangeziacha!" Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba, na papo hapo nikaona haya.

Suala la saini halikuwa la kuchekesha. Wifi aliliona jepesi. "Tia jina lako. Nani atakuuliza?"

"Ameshauliza."

"Mwambie umeandika wewe. Si ulikuwa ukimsomea?"

"Kusoma si kuandika, wifi. Mimi nilikuwa macho yake tu."

"Basi urithi. Huna mtoto naye, fungu lako robo. Mistari minne, mmoja wako!" Akaniona sicheki. Akasogea, akakaa karibu yangu. "Sasa unataka nini hasa?"

Nilitaka jina lake liwemo. Nilitaka pia nisiseme uongo, na nilidhani mambo mawili hayo hayaendi pamoja. Jioni ile sikuandika kitu. Nilikaa kwenye mkeka mahali pangu, upande wa kushoto, kama niliyekuwa nikisubiri mtu aniambie nisome. Nilikumbuka alivyoinamisha kichwa akinisikiliza, na alivyokuwa akirudia neno kwa midomo bila sauti. Siku alipoipata ile mistari alinifunikisha mashine na kuifunua mara saba. Ya saba nikamwambia itavunjika. Akasema, "Acha nifurahi."

Kesho yake nikaandika kwa ufupi, bila mapambo. Kazi hii ni ya mume wangu na siyo yangu. Nilimsomea kwa sababu hakuona. Nimeijaribu mwenyewe kwenye mashine kumi, kila moja mara tano, na zote zimeamka. Warithi wake ni mimi, dada yake na ami yake, na sote tumeridhia itolewe. Kama hiyo haitoshi, niambieni, nami sitaleta tena. Ami tulimpigia simu kabla sijaituma, kwa sababu nisingeweza kusema ameridhia na sijamuuliza.

Wakanijibu watu wawili. Wa kwanza alisema inatosha: jina la marehemu liwekwe mahali pa mwandishi wa kazi, na mimi nisaini kama mtu niliyeipokea kwa haki na kuifikisha. Wa pili alisema mistari imekatika vibaya, barua pepe yangu imeivunja, nitume upya. Nikatuma. Ikavunjika tena, nikatuma ya tatu. Zikapita siku tisa. Ya kumi, asubuhi, ikaja barua yenye maneno mawili: imepokelewa, ahsante. Jina la mume wangu lilikuwa juu, kamili, na jina la baba yake. Wifi alitaka kuliona. Nikamwonesha kwa kidole, naye akakigusa kioo kwa ncha ya shungi lake la kanga, kama anayefuta vumbi.

Nilitoka eda mwezi ishirini na moja Shaaban. Sasisho lilikuwa limeshatoka. Wiki ile ile tulikodi gari, tukazipakia mashine, tukaenda Mtoni. Sikuwa nimetoka nje muda mrefu, na jua liliniumiza macho. Chuoni tuliketi kwenye jamvi la upande wa wanawake, nikazisasisha moja baada ya moja kwa mtandao wa simu ya wifi. Nilifunika, nikafunua, nikabonyeza. Zote kumi ziliandika. Bi maalim, mke wa maalim, aliniombea dua kwa sauti ya chini, kisha akamwombea marehemu kwa sauti ya juu.

Halafu akafungua kabati, akatoa ya kumi na moja. "Na hii? Hii haikuwahi kuja kwenu."

Kwa nje ilikuwa sawa na zile. Nikaisasisha. Nikafunika, nikafunua. Haikuandika.

Nilitafuta jina la mashine kwa ndani, nikalisoma herufi moja moja, kwa sauti, na hakuna aliyenijibu. Lilizidi la zile kumi kwa herufi moja mwishoni. Mume wangu hakuwahi kuiona hii. Nikaongeza jina lile kwenye orodha, kama alivyofanya yeye, mistari minne. Ilichukua tangu adhuhuri mpaka karibu na magharibi, kwa sababu mara mbili nilisahau mabano. Nikafunika, nikafunua, nikabonyeza. Ikaandika.

Safari hii sikuwa na jina jengine la kuweka. Niliweka langu, la kuandika na la kusaini. Nimeituma mistari hiyo juzi. Mpaka leo asubuhi haijajibiwa.