Bunduki Juu ya Kigoda cha Kaka

Niliitaka ile bunduki. Nimekana kwa miaka mingi, tena kwa ufasaha: chuo kikuu niliwahi kuwahutubia wenzangu kwamba urithi wa namna ile ni mzigo wa wanaume, wakanipigia makofi. Moyoni nilikuwa naukumbuka mtutu.

Ilikuwa bunduki ya marisau, nzee hata machoni pa wazee. Babu aliipata kabla Mwingereza hajaja. Baba akairithi, akawa anafukuzia nguruwe pori mahindini kwetu Hasamba. Mimi ndiye niliyekuwa nikiisafisha, kwa kitambaa na mafuta ya nyonyo.

Baba alipofariki ilikuwa zamu ya kaka, naye alikuwa migodini, Rodesia ya Kaskazini. Kwetu matanga hayaanuliwi mpaka mrithi akabidhiwe. Wazee wakaamua kukikabidhi kigoda cha kaka badala yake. Wakailaza bunduki pale, wakaomba, wakatawanyika. Tangu hapo ikawa mali ya mtu asiyekuwepo, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata kuifuta vumbi. Bomani nao wakasema mrithi aje kuandikishwa kabla ya mavuno kuisha, la sivyo wataichukua.

Nguruwe wakala shamba, kutu ikala mtutu.

“Nipeni mimi,” nikasema. “Kulenga najua.”

Baba mdogo akacheka. “Wewe mwanangu utaolewa. Tuwapelekee wakwe mke, na bunduki ya ukoo juu yake?”

“Na nguruwe je?” mama akauliza. “Nao wamngoje mrithi?”



Mavuno yakaanza. Ndugu yetu mmoja aliyetoka ng’ambo ya mpaka akaleta salamu: kaka atapiga simu Jumamosi, kwenye duka la Mhindi pale Tunduma. Mama nami tukapanda lori la kahawa. Alibeba chupa ya mafuta ya nyonyo, kana kwamba kaka angetokea kwenye waya.

Nikapewa simu.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba, mdogo wangu. Mama hajambo?”

“Yupo hapa mlangoni. Kaka, njoo. Bunduki inakungoja, mavuno yakiisha wanaichukua.”

Nyuma ya kaka mtoto alikuwa analia, na mwanamke akimbembeleza kwa Kibemba. Mama alinikazia macho, akingoja nimtajie siku.

“Bunduki gani?” kaka akauliza.