Siku Timu Ilipovalia Ndani ya Basi

Mpira wenyewe ulikuwa ule wa Kimarekani, wa kuvaa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ambao mtu anaukumbatia mpira na kukimbia nao kama aliyeiba nazi shambani kwa watu. Tajiri mmoja wa Dubai aliamua kuwa na timu ya kulipwa. Akaleta Wamarekani waliokosa nafasi kwao, akaongeza vijana wa miraba minne waliookotwa kwenye kumbi za mazoezi, akakodi uwanja nje kidogo ya mji. Walipoteza mechi zote. Mimi ndiye niliyewafulia jezi.

Kabla ya hapo nilikuwa Naif, mtaa wa maduka hapo hapo Dubai, nikifunga mizigo ya wafanyabiashara wanaopeleka bidhaa kwetu. Na kabla ya Naif nilikuwa Maskati, na kabla ya Maskati nilikuwa mahali pengi ambapo hapana haja ya kupataja. Niliacha shule darasa la sita. Umaskini haukunitoa, nilishindwa tu kukaa, na tangu hapo sijakaa mahali popote hadi nikawajua majirani wote. Kazi ya kufua niliichukua kwa sababu nilitaka kujua mchezo ule unachezwaje. Nilimuuliza kocha wiki ya kwanza, akanichorea kwenye boksi la maji: mna majaribio manne ya kusogea yadi kumi, mkishindwa mnawapa wenzenu mpira. Nikaona ni mchezo wa haki kuliko maisha ya wengi wetu. Majaribio manne.

Mtunza vifaa alikuwa Mtanga, mtu mzima, mimi nikimwita kaka naye akiniita dogo. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka mingi nyumbani, kwenye timu ya mpira wa miguu iliyopanda na kushuka daraja mpaka ikapotea. Mkewe alikuwa mfanyakazi wa ndani mtaa wa Al Baraha, analala kwa madam wake, mkataba wake bado una miaka miwili. Kaka alimfuata Dubai ili wawe mji mmoja. Kila Ijumaa baada ya swala walikutana nje ya duka la chai karibu na nyumba ya madam, wanakaa kwenye ngazi, shemeji anamletea chakula kwenye foili. Saa moja, labda na nusu, kisha anarudi ndani. Nilikwenda nao mara kadhaa. Sijaona watu wanaoongea mambo madogo kwa raha namna ile: bei ya vitunguu, paka wa madam, mguu unaouma.

Viza ya kaka ilikuwa ya timu. Timu ikifa, na viza imekufa, anarudi Tanga na mkewe anabaki. Hilo tulilijua wote.

Katikati ya msimu mwenye timu alikuja na kanzu yake nyeupe, akatukusanya hadi sisi wa kufua na kufagia. Akasema hataki makombe, anataka ushindi mmoja tu, na ukipatikana, inshallah, mwakani tuko pamoja. Wachezaji walipiga makofi kwa adabu. Mimi nilisikia maneno ya tajiri anayetaka kuondoka bila kuulizwa. Kaka alisikia mkataba.

Tukaendelea kufungwa. Timu inayofungwa unaijua kwenye kufua. Mwanzoni wachezaji huleta jezi mkononi, na wanasema asante. Baadaye wanazitupa mlangoni. Mwisho unazikuta bafuni zimelowa, zimekanyagwa, na huyo aliyezivaa ameshaondoka na teksi. Wachezaji wawili walirudi kwao bila kuaga. Kocha akaacha kunichorea kitu.

Siku tulipofungwa na timu ambayo nayo ilikuwa haijashinda, nilimkuta kaka amesimama kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, haingii.

"Dogo, hiki chumba kina kitu."

Yeyote aliyefuata mpira wa kwetu anajua alichosema. Nyumbani kuna timu haziingii chumba cha kuvalia siku ya mechi kubwa. Wachezaji huvalia ndani ya basi, au kwenye korido, na wengine huruka ukuta ili wasipite geti, kwa sababu hujui nani ametangulia kufika na amemwaga nini. Kuna watu kazi yao ni hiyo, na kamati yao inaitwa ya ufundi, na mtunza vifaa huwa mtu wao wa kwanza. Kaka alikuwa ameyaacha hayo. Alikuwa mtu wa swala tano, na mara nyingi alitusimulia vituko vile akicheka mwenyewe. Nilimwambia hapa Dubai, kwa Wamarekani hawa, hakuna hata mmoja anayejua mganga ni kitu gani.

"Hawajui," akasema, "na wanafungwa."

Mechi ya mwisho ilikuwa ya nyumbani, mwezi wa tano, jua lilikuwa limeshakuwa kali. Kaka alimaliza mapema kuhamisha kila kitu kutoka chumbani hadi kwenye basi, akafunga mlango, akamwambia kocha kwamba kiyoyozi kimekufa na fundi hajaja. Kocha alikuwa amechoka kiasi cha kukubali lolote. Dereva wa basi, Mkenya wa Malindi, alielewa papo hapo.

"Nyinyi Wabongo," alisema, "hata mpira wa Mmarekani mwautilia dawa? Sasa nipite na geti gani, ama nipasue ukuta?"

Kaka hakucheka. Alimwomba, akiwaleta wachezaji, apite mlango wa nyuma, wa malori ya taka. Wanaume wale wakubwa wakavalia humo ndani, wakigongana mabega ya plastiki, wakitukana kwa lugha nne, jasho likiwatoka kabla ya kukimbia hatua moja. Walishuka wamekasirika. Na kwa mara ya kwanza walicheza kama watu waliokasirika. Hadi mapumziko tulikuwa tunaongoza. Nilimtazama kaka pembeni ya uwanja, midomo yake inacheza, na sikujua anasoma dua au anahesabu yadi.

Mwishoni wapinzani walitupita kwa alama moja. Tukasogea, jaribio baada ya jaribio, mpaka mbele ya milingoti yao. Ilibaki kupiga teke moja, la karibu, la alama tatu. Mpigaji wetu akaja mbio kwa kaka kuomba kiatu chake cha kupigia. Huwa anakibadilisha kwa teke tu. Kaka akainama kwenye begi, akatafuta, akatafuta tena. Kiatu kilikuwa dirishani mwa chumba kilichofungwa, nilikokianika mimi baada ya kukisafisha, na wakati wa kuhamisha hakukiona. Kukimbia huko na kurudi kusingewezekana, saa ilikuwa inakwenda. Mpigaji akapiga na kiatu alichovaa. Mpira ukagonga mlingoti, ukarudi uwanjani.

Niseme na hili: hata kwa hicho kiatu chake cha kupigia alikuwa amekosa mateke msimu mzima. Lakini sasa alikuwa na kisa cha kusimulia, na alikisimulia kwa meneja. Meneja akamwita fundi. Fundi akafungua chumba, akawasha kiyoyozi, kikapuliza baridi ya kugandisha maji. Kaka aliulizwa kwa nini alidanganya. Angemjibuje meneja yule? Kwa Kiingereza kipi? Akasema, "Sorry, sir." Meneja akasema khalas, yaani kazi imekwisha.

Kesho yake walikuja watu wa kupima uwanja. Nikawauliza, maana siwezi kuacha kuuliza. Wakasema wanajenga viwanja vya padel, mchezo unaofanana na tenisi, na mkataba walishautia saini kabla msimu haujafika katikati. Kumbe wakati mwenye timu anaomba ushindi mmoja, nyasi zilikuwa za watu wengine. Tungewashinda wote, tungefukuzwa vilevile.

Ila hatukufukuzwa. Hilo ndilo nililoshindwa kulimeza. Mwenye timu ana kampuni ya usafi, na wafanyakazi wote wa uwanjani tulihamishiwa huko na viza zetu, tukapelekwa Silicon Oasis kufagia korido za maghorofa. Wote, hata dereva. Meneja alimwondoa mmoja tu, yule aliyefunga mlango. Kama kaka angekaa kimya akaacha timu ivalie ndani na kufungwa kama kawaida yake, angekuwa na ufagio na Ijumaa zake.

Nilikuwepo walipoagana kwenye ngazi za duka la chai. Shemeji aliuliza mechi iliishaje.

"Tulifungwa moja."

"Moja tu? Basi mlikaribia," akasema, na akamwekea kipande kingine cha samaki.

Ijumaa iliyofuata nilipita Al Baraha bila sababu. Shemeji alikuwa pale pale, amekaa, na foili iko mapajani. Alikuwa amepika kwa mazoea. Akanipa mimi. Sikuwa na njaa, nilikula chote, kwa sababu alisimama akinitazama mpaka nikamaliza.