Daraja Nisiloliamini

Daraja la Momba sikuliamini hata siku moja. Nililiona likijengwa, nikaliona likikamilika, na bado kila nilipopita juu yake nilichungulia chini. Kwetu ni ng'ambo ya mto, bondeni, walikoteremkia babu zetu kutoka uwandani kufuata mpunga. Tulizoea kuamuliwa na mto: masika ukijaa, unakaa ulipo. Halafu wanakuja watu na zege, wanakuambia sasa pita utakavyo. Kizuri hakikosi ila, nami nikawa naitafuta.

Nilianza na wanunuzi. Zamani alikuja mmoja tu, kiangazi, tukamuuzia lumbesa, yaani gunia lililojazwa mpaka likaota nundu, maana tukikataa mpunga utaliwa na panya. Sasa yakaja mafuso kutoka Tunduma na Sumbawanga, kila dereva akimwita mama yangu "mama" kabla hajamjua. Nilisimama kando ya mzani nimenuna. Kweli bei ilipanda, na siku mama alipokataa lumbesa, mnunuzi alishona gunia bila nundu akaondoka anacheka. Kicheko chenyewe sikukipenda.

Msinicheke. Mimi nina kiduka Katandala, mjini Sumbawanga, na mchele ninaouza unapita juu ya daraja hilohilo. Lakini kula na kuamini ni mambo mawili.

Masika haya mama akaanza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Zahanati wakasema apelekwe hospitali Sumbawanga, na asicheleweshwe. Nikakodi gari, nikamfuata. Akakataa.

"Sipiti kwenye lile daraja."

Kijijini walinong'ona kwamba daraja kubwa halisimami bila kumezeshwa kichwa cha mtu. Nikadhani ndicho anachoogopa, na nilipandwa na hasira, kwa sababu nilimsikia anavyohema.

"Mama, wote wanapita, litakuchagua wewe tu?"

Jirani yetu Msukuma, mfugaji, alikuwa amekuja kumjulia hali. "Mama, ng'ombe wangu wote wamepita pale," akasema, "hakuna hata mmoja aliyerudi bila kichwa." Mama akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaomba kitenge chake.

Tulipolikaribia daraja akatoa rozari. Enzi za mtumbwi, Wakatoliki wa kwetu walivuka wakisali fungu moja, Salamu Maria kumi: unaanza ukingo huu, unamalizia ukingo ule, na mpiga kasia alijipima kwa hilo. Mama akaanza kwa sauti, nikawa naitikia. Salamu Maria ya pili haijaisha, matairi yakawa yameshashika udongo wa upande wa pili.

Akaimalizia. Akageuka kwa taabu, akatazama tulikotoka.

"Tumevuka?"

"Tumevuka, mama."

"Ni hapa tu?"

Nikaona nafasi ya kumtania. "Umeona? Hofu yako bure. Halijakufanya kitu."

"Daraja sikuliogopa," akasema. "Niliogopa kuona ni karibu hivi. Baba yako alinifia mkononi pale ukingoni, tunasubiri maji yapungue ili avushwe. Wewe ulikuwa bado unanyonya."

Mimi nilikuwa nimeambiwa baba alikufa kwa homa, basi. Nililitazama lile daraja na safari hii nikalichukia kabisa, si kwa kuwepo, bali kwa kuchelewa. Kumbe lingewezekana. Kumbe zege hilohilo na vyuma hivyohivyo vilikuwepo duniani siku ile.

Dereva alikuwa amepunguza mwendo, akitusikiliza. Nikamwambia akanyage mafuta. Mama aliendelea kupumua kwa shida, lakini alizishika tena shanga zake, akaanza Salamu Maria ya tatu. Zilizobaki tulimsalia baba, tukiwa barabarani, pakavu.