Sataranji ya Kamba ya Nguo

Bado naona haya kupita mtaani kwetu Kiponda mchana, lakini wacha niseme.

Zuwena, binti wa jirani yangu Bi Salma, nilicheza naye sataranji tangu utotoni. Alipovunja ungo akawekwa ndani, nami nikakatazwa kuingia kwao. Lakini paa lao linatazamana na dirisha langu, basi tukabuni alama. Akishacheza, huanika vitambaa vinane kuonyesha safu aliyoigusa: cheupe ni chumba kitupu, cha rangi kina kete. Nami humjibu kwa leso zangu za mfukoni dirishani.

Wiki hii alicheza vizuri ajabu. Kila nikirudi kutoka duka la santuri ninakouza, nakuta safu nisiyoitarajia. Vitambaa vikizidi, nasema hiyo hila yake mpya, nahesabu vinane vya mwanzo. Jana shaha wangu, mfalme wa ubaoni, akakosa pa kwenda. Nikafurahi kushindwa, kwani nimepata sababu ya kupiga hodi.

"Shikamoo, Bi Salma. Nimekuja kumpongeza Zuwena."

"Marahaba. Nani kakwambia? Harusi tumeifanyia Wete, kimyakimya, wiki iliyopita. Yuko huko kwa mumewe."

Nikauliza, "Na zile nguo juu ya paa?"

"Nafua mimi, mwanangu, tangu aondoke." Akanitazama kwa huruma. "Na wewe mbona kila siku waanika leso? Una mafua?"

Nikamwambia ndiyo, ni mafua, maana macho yalishaanza kunilowa.