Niliuza Kahawa ya Mama

Kiwanja changu cha kwanza Tunduma nilikinunua kwa uvivu. Nilikuwa nauza mitumba karibu na mpaka, nimechoka kutembea mbali kwenda kulala, na mzee mmoja aliyekuwa anahama akaniuzia kipande cha shamba lake la mahindi. Miaka michache baadaye mji ukakifikia. Mfanyabiashara aliyetoka Pwani akakitaka kwa ajili ya ghala, akanipa bei iliyonifanya nicheke peke yangu njiani. Tangu hapo watu wakaanza kuniuliza mji unaelekea wapi, nami nikawa nawajibu bila aibu. Uvivu wangu niliusahau kabisa. Nilijisimulia kwamba niliona mbali.

Ndipo dalali mmoja aliponipeleka nje ya mji, kwenye nyasi kavu, akanionyesha vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu.

"Kaka, hapa yanakuja maegesho ya malori. Ile foleni yote ya mpakani inahamia huku. Dereva akikwama siku nne, atalala wapi?"

Palepale nikaiona gesti yangu, hadi mapazia.

Fedha ile ya mwanzo ilikuwa imeshaisha. Kilichobaki kwetu ni shamba la kahawa kule Mbozi, aliloachiwa mama na baba. Baba mwenyewe amezikwa humo, upande wa juu.

Nilimkuta mama anachambua maharage.

"Umeona nini huko, mwanangu?"

"Vigingi, mama. Nimevishika kwa mkono wangu."

"Na wakivihamisha?"

"Serikali haihamishi vigingi."

Alitupa maharage mabovu pembeni. "Basi. Wewe ndiye unayejua mambo ya mjini."

Siku ile maneno hayo yalinifurahisha. Sasa natamani angenikatalia, hata angenitukana.

Shamba lilinunuliwa na jirani yetu, mzee wa kanisa. Mama akaja kukaa nami Tunduma, kwenye vyumba vya kupanga, dirisha limeelekea barabara ya malori. Alikuwa anafuta vumbi asubuhi, mchana anafuta tena. Mimi nikanunua pale penye vigingi, nikajenga. Nilikuwa nimefika kwenye linta, juu ya madirisha, nikasikia kwamba maegesho yatapelekwa upande mwingine wa mji, mahali hasa bado hapajaamuliwa. Nikaenda ofisini kuuliza. Karani hakuinua macho.

"Mpango umebadilika."

"Na vigingi?"

"Vile vilikuwa vya kupimia tu."

Ningependa kusema dalali alinitapeli. Ingenisaidia. Lakini naye alikuwa amenunua pale, viwanja viwili, pembeni ya changu, na tulikutana huko siku moja tukaangalia nyasi, kila mtu upande wake.

Mama hakunilaumu hata siku moja. Akikutana na mtu aliyetoka Mbozi, alikuwa anamuuliza kama kahawa imechanua. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba jirani ameing'oa yote, akapanda mahindi. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Mwaka wa tatu kifua kilimzidi, akafariki. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu: azikwe karibu na baba. Nikaenda kwa jirani, kofia mkononi.

"Mama yako tumeishi naye vizuri," alisema. "Chimbeni tu. Ila tuandikiane."

Karatasi ilisema kwamba kaburi lile halitakuwa sababu ya mimi wala wanangu kudai ardhi. Nilitia sahihi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, nimepiga goti, karatasi juu ya paja, wachimbaji wamesimama na majembe wakinisubiri nimalize. Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Ningekuwa yeye, ningeandikisha vilevile.

Niliporudi kwenye biashara, mteja wangu mmoja alinipa pole, halafu akaniuliza anunue kiwanja wapi. Nikamwambia sijui. Akacheka, akadhani namficha.

"Nawe umeanza uchoyo, kaka!"

Akanunua mwenyewe kwa kubahatisha, kwa sababu shemeji yake anaishi maeneo yale. Maegesho yakaja kuwekwa hatua chache kutoka pale. Sasa ana gesti ya ghorofa, na watu wanamfuata kumuuliza mji unaelekea wapi. Nimemsikia akiwajibu.